Vyumba, self au fremu: una kiwanja kimoja Dar, ujenge kipi cha kupangisha?

Watu wengi wenye kiwanja Dar na hela ya kujenga kitu kimoja tu wanakwama hapahapa, nijenge vyumba vya kawaida nipangishe kimoja kimoja, nijenge self chache za watu wenye mishahara, au nipige fremu mbele nichukue kodi ya miezi sita sita? Ukimuuliza fundi anakutajia alichozoea kujenga, ukimuuliza dalali anakutajia kinachotoka haraka maana mwezi wake mmoja anaupata palepale wapangaji wanapoingia, na ukiwauliza ndugu kila mtu ana mfano wa mtu aliyetoboa na mwingine aliyelia. Kwaiyo nimeamua niviweke vyote vitatu pamoja, nipitie vigezo vilevile, afu wewe upime na hali yako.

Tuelewane kwanza nazungumzia nini. Vyumba ni ile nyumba ya vyumba sita hadi kumi, ya korido katikati au ya kuzunguka uwa, choo na bafu vya kuchangia, kila chumba na mpangaji wake. Self ni chumba, sebule, jiko na choo ndani, mlango wake na mita yake, wengine wanaita apatimenti hata kama ni ya chini. Fremu ni chumba cha biashara kinachotazama barabara. Airbnb siiweki humu, hiyo ni kazi ya hoteli kabisa na inahitaji maelezo yake.

Vigezo ninavyotumia ni hivi: hela ya kuanzia ukijumlisha na bei ya kiwanja, kodi inavyoingia na miezi ya kukaa tupu, kero za kila wiki, uchakavu, mambo ya serikali na mikataba, na mwisho urahisi wa kutoka siku ukitaka kuuza au kubadilisha matumizi. Mimi kero ndio naipa uzito mkubwa kuliko vyote na nitaeleza kwanini, maana nimeona nyumba nzuri kabisa zikiharibika sio kwa kukosa wapangaji ila kwa kukosa mtu wa kuzisimamia.

Hela ya kuanzia

Hapa wengi wanapiga hesabu nusu. Mtu anasema fremu zinalipa kuliko vyote kwasababu ujenzi wake ni rahisi, ukuta, bati, mlango wa chuma, sakafu, basi, hakuna vyoo vitano wala jiko. Ni kweli ujenzi ni rahisi, lakini kiwanja cha barabarani na kiwanja cha ndani ndani havina bei moja hata siku moja.

Chukua mfano huu, na hizi ni namba za mfano tu, weka za mtaani kwako. Tuseme vyumba nane vinakugharimu milioni 35 kujenga na kila kimoja unapangisha 60,000 kwa mwezi. Self tatu zinakula milioni 75, kila moja 250,000. Fremu tano zinakula milioni 40, kila moja 150,000. Kwa mwaka mzima bila pengo vyumba vinaleta milioni 5.76, self milioni 9, fremu milioni 9. Ukiishia hapo fremu zimeshinda kwa mbali sana.

Sasa weka maisha halisi. Kila chumba kikae tupu mwezi mmoja kwa mwaka na matengenezo yakule laki sita, unabaki na milioni 4.68. Self nazo zikae tupu mwezi mmoja kila moja, matengenezo laki nane, unabaki na milioni 7.45. Fremu mbili kati ya tano zikae tupu miezi sita na utengeneze kwa laki mbili, unabaki na milioni 7. Afu jumlisha bei ya kiwanja, cha ndani milioni 15 kwa vyumba na self, cha barabarani milioni 40 kwa fremu. Vyumba vimekula milioni 50 jumla na vinarudisha kama asilimia 9.4 kwa mwaka, self zimekula milioni 90 zinarudisha asilimia 8.3, fremu zimekula milioni 80 zinarudisha asilimia 8.75. Yani tofauti yote uliyokuwa unaiona mwanzo imeyeyuka, zimekaribiana kabisa, na kosa dogo tu la usimamizi linaweza kugeuza nani yuko juu na nani yuko chini.

Hii ndio sababu nasema usichague kwa kuangalia kodi ya mwezi. Chagua kwa kuangalia mzigo gani wa kusimamia unaweza kuubeba miaka kumi mfululizo.

Na kama unafikiria mkopo wa benki, jua kwamba riba za mikopo ya nyumba hapa Tanzania kwa miaka mingi zimezunguka kati ya asilimia 13 na 19. Ukilinganisha na hizo asilimia nane na tisa hapo juu unaona mwenyewe, kodi peke yake hailipi mkopo, lazima uwe na mshahara au biashara nyingine ya kujazia. Wengi wanajenga taratibu kwa akiba, boma mwaka huu, kupaua mwaka kesho, na hapo vyumba vina faida moja kubwa, unaweza kumaliza viwili vya kwanza ukapangisha huku vingine bado ni tofali. Fremu pia unaweza kuanza na mbili. Self ni ngumu zaidi kumaliza nusu nusu kwasababu bomba, chemba na nyaya zinapita pamoja, na mpangaji wa laki mbili na nusu hataki kuishi kwenye saiti ya ujenzi.

Niongeze hapa kwa wale ambao shida yao ni mapato tu sio nyumba yenyewe, mwaka 2024 hati fungani za serikali (unaikopesha serikali hela) za miaka 20 na 25 zilikuwa na kuponi, yani riba ya kila mwaka, ya zaidi ya asilimia 15 na hazina choo cha kuziba. Nyumba inabaki na kitu ambacho hati fungani haina, kodi unaweza kuipandisha maisha yakipanda na kiwanja chenyewe kinapanda thamani, lakini fanya hesabu zote mbili kabla hujamwaga zege.

Kodi inavyoingia, na miezi ya kukaa tupu

Vyumba vinapata mtu haraka. Kikiachwa Ijumaa na bei yake ni ya mtaa, Jumapili kinaweza kuwa na mtu, hasa maeneo ya karibu na stendi, viwanda au vyuo. Hata kimoja kikikaa tupu, saba vingine vinaendelea kulipa kwaiyo huumii sana. Tatizo ni kwamba wapangaji wengi wa vyumba kipato chao ni cha kila siku, bodaboda, mama lishe, fundi, kibarua wa kiwandani, kwaiyo miezi mitatu ya mbele ndio wengi wanaweza, na kodi ikiisha unaanza kusikia "baba, nivumilie mpaka tarehe kumi". Wengi wanalipa kweli, ila lazima uwe mtu wa kufuatilia bila kudhalilisha mtu. Na karibu na vyuo kuna kitu cha kuzingatia, likizo ndefu zikifika vyumba vinaweza kutulia kimya.

Self zinalipwa kwa mikupuo, miezi sita au mwaka, na mwenye ajira halipi kwa kuomba omba. Lakini moja ikiwa tupu kati ya tatu umepoteza theluthi ya mapato yote, na mtu wa self anachagua, anaangalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, gari inaingia, barabara inapitika masika, jirani ni baa au kanisa la spika. Ukikosa maji ya uhakika usitegemee kodi ya self hata uweke vigae vya bei gani.

Fremu ndio kamari kubwa ya eneo. Ikiwa upande ambao daladala zinashusha abiria jioni wakirudi nyumbani, watu watagombania. Upande wa pili wa barabara hiyohiyo, watu wanapanda asubuhi wana haraka, inaweza kukaa tupu mwaka mzima na geti limefungwa kwa kufuli lenye kutu. Nenda kasimame pale saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, siku ya kazi na siku ya wikiendi, uhesabu kwa macho wanaosimama kununua, sio wanaopita. Barabara ikiingia kwenye ujenzi, iwe ni kupanuliwa au kupitishwa mwendokasi, jiandae kwa vumbi, michepuko na wateja kupungua muda mrefu, na ikishaisha kuvuka kwenda ng'ambo kunaweza kuwa kazi kuliko zamani. Fremu zenye wapangaji zikibaki mbili tu kati ya tano mwaka mzima, kwenye mfano wetu umepata milioni 3.6, hata za vyumba hazifiki.

Kitu kimoja kwa wote wanaopokea kodi ya miezi sita au mwaka: hiyo hela sio yako yote siku unayoipokea. Igawe kwa miezi, tenga ya matengenezo na ya kodi za serikali kwanza. Mwenye nyumba aliyekula kodi ya mwaka mwezi wa pili ndio huyohuyo anayekataa kurekebisha bomba mwezi wa nane kwasababu hana kitu.

Kero za kila wiki

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndipo pesa inapotea.

Nyumba ya vyumba, ugomvi namba moja ni LUKU. Mita moja, familia nane, mmoja ana taa na simu tu, mwingine kaleta friji, wa tatu anapiga pasi nguo za watu kama biashara, na wote wanachanga sawa. Kuna jambo wengi hawalijui, mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO kwenye kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato, lakini ni kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba nane inapita hapo haraka sana, inaangukia kwenye bei ya juu ambayo ni karibu mara tatu, 292 kwa uniti kabla ya kodi. Kwaiyo yule wa taa na simu anaadhibiwa mara mbili, analipia friji ya mwenzie na analipia kwa bei ya juu. Nilishaona nyumba moja uswahilini dawa yake ilikuwa ni daftari la kaunta limefungwa kwa kamba pembeni ya mita, kila anayenunua umeme anaandika jina, tarehe na uniti, na mwenye friji anahesabiwa sehemu mbili, mwenye pasi na hita sehemu tatu. Kelele ziliisha. Ukiweza zaidi, weka vimita vidogo vya ndani kila chumba wakati wa kufunga nyaya, baadae ni gharama kubwa kuchimba ukuta.

Maji nayo ni hivyohivyo, bili ya DAWASA inakuja moja, wenye watoto wanafua kila siku na wengine wanaoga tu. Na choo. Shimo likijaa kwenye nyumba ya watu ishirini na tano hakuna cha kusubiri mwisho wa mwezi, gari la maji taka lazima lije, na mabondeni masika maji ya ardhini yanapanda shimo linajaa kabla ya wakati wake. Amua kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia kama gharama ya kunyonya ni yako au ni ya kuchanga, iandikwe. Usafi wa choo na uwa weka kwa zamu, au bora zaidi kata kiasi kidogo kwenye kodi umlipe mtu mmoja afanye.

Haya yote yanataka mtu wa pale. Mwenye nyumba anayeishi chumba cha mbele, au mama mzazi ambaye wapangaji wanamheshimu, anatatua saa hiyohiyo kitu ambacho kwa simu kingechukua wiki.

Self zinapunguza haya yote kwa kiasi kikubwa. Kila mtu na mita yake, choo chake, jiko lake. Kero zake ni za aina nyingine, nani kaziba geti kwa gari, nani anapiga muziki, pampu imeungua na tanki la juu ni la pamoja, taa ya nje nani analipa. Jumla ni simu chache kwa mwezi, unaweza kuzipokea ukiwa Mwanza au Muscat alimradi kuna fundi bomba na fundi umeme unaowaamini wa kuwatuma.

Fremu kwa wiki wala hazina kelele, ila shida zake zikija zinakuja kubwa. Ya kwanza ni kilemba, yani hela anayolipwa mpangaji ili amwachie mwenzie fremu. Mpangaji wako amekaa miaka mitatu, eneo limechangamka, anataka kuondoka, hakwambii. Anamtafuta mwenzie, anauza kilemba kwa milioni kadhaa, anamkabidhi funguo, na mpangaji mpya anakuja kwako kama ndugu yake "tuko pamoja kwenye biashara". Wewe unaendelea kupokea 150,000 uliyopatana miaka mitatu iliyopita, na yule mpya akija kugundua kwamba mkataba unaisha mwezi ujao anakuona wewe ndio mwizi. Andika kwenye mkataba wazi kabisa kwamba fremu haikabidhiwi kwa mtu mwingine bila ridhaa yako ya maandishi, na pita dukani mwenyewe angalau mara moja kila baada ya miezi michache ujue nani anakaa kaunta. Ya pili ni kubadilisha biashara, aliingia na stesheneri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ni chipsi na jiko la mkaa linapiga moshi ukutani, wa tatu ni grosari inayofunga saa saba usiku na nyuma ya fremu kuna watu wanalala. Aina ya biashara iandikwe nayo.

Uchakavu

Vyumba vinachakaa kwa wingi wa watu, vitasa, vyoo, milango ya bafu, sakafu ya korido. Vitu vyenyewe ni bei nafuu ila haviishi. Paka rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, weka choo cha kuchuchumaa cha kawaida, usiweke vitu vya kuigiza hoteli.

Self vitu vyake ni ghali kila kimoja, sinki la choo, bomba la jiko, kabati, vigae, na kila mpangaji akitoka mpya anataka rangi mpya. Ukuta wa choo usiozuiwa maji vizuri unaanza kuchomoza unyevu upande wa chumbani, na hapo kurekebisha ni kubomoa vigae vyote. Chukua amana ya mwezi mmoja, na siku ya kukabidhi piga picha kila chumba mkiwa wote wawili, mtumiane palepale kwenye WhatsApp. Hizo picha zinamaliza mabishano ya nani alivunja nini.

Fremu zinachakaa kidogo kwasababu mpangaji mwenyewe anaipamba, anaweka shelfu, dari na vioo. Hatari yake ni mtu kutaka kuvunja ukuta aunganishe fremu mbili, au kuchimba. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wengi walipoteza maisha, na baada ya hapo mwenye jengo yeyote hapaswi kuruhusu nyundo kugusa ukuta au nguzo bila mhandisi kuangalia, hata kama fremu yako ni ya chini tu. Hili silipunguzii uzito hata kidogo.

Serikali na makaratasi

Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, yani 1,500 kwa mwezi, na ghorofa mijini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji. Kwenye vyumba vya mita moja wapangaji ndio wanajikuta wanalipa bila kujua, kwaiyo ukubaliane nao uwarudishie au uipunguze kwenye kodi ya pango, ni hela ndogo lakini inajenga heshima. Kwenye self zenye mita tatu hakikisha kiwanja hakikatwi mara tatu, ikitokea peleka namba za mita zote TRA au TANESCO warekebishe.

Mpangaji akiwa kampuni au taasisi atakata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, anatakiwa akupe uthibitisho wake, utunze. Hii inakuta zaidi wenye fremu na wenye self zilizopangwa na mashirika kwa wafanyakazi wao. Mkataba nao una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Wengi wanauruka, afu siku wanahitaji mkataba uwe ushahidi ndio wanahangaika. Nyumba za kuishi kodi yake haina VAT, za biashara zinaingia kwenye VAT mwenye nyumba akiwa amesajiliwa, ila kwa fremu tano hauko karibu na kiwango cha kulazimika kujisajili.

Mgogoro ukitokea usifunge mlango wa mtu kwa kufuli wala kutoa vitu vyake nje. Anzia serikali ya mtaa, mkishindwana kuna baraza la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu halitoi hukumu, na juu yake kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkataba wa maandishi wenye shahidi unafupisha safari hii sana, kwa chumba cha 60,000 kama ilivyo kwa fremu.

Kwa wa fremu kuna jambo lao peke yao, hifadhi ya barabara, yani eneo la pembeni ya barabara ambalo ni la barabara yenyewe na hupaswi kujenga. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Na mwaka 2017 watu wa Kimara hadi Kiluvya kwenye Barabara ya Morogoro waliona kwa macho nyumba na fremu za miaka mingi zikishuka chini kupisha upanuzi, pale hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Wengine walikuwa na makaratasi ya mauziano ya serikali ya mtaa mkononi na hayakuwasaidia. Kabla hujanunua kiwanja cha fremu nenda TANROADS kama ni barabara kuu au TARURA kama ni ya mtaa, waulize hifadhi inaishia wapi, upime kwa futi mwenyewe.

Ukitaka kutoka

Self ndio rahisi kuuza au hata kuhamia mwenyewe, na watoto wakikua kila mmoja anaweza kupata mlango wake. Kama ni jengo la ghorofa, Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo inakuruhusu kugawa hati kwa kila uniti na kuuza moja moja. Vyumba vinaweza kubadilishwa, vyumba viwili vinavyopakana ukiviunganisha na kuongeza choo unapata self, watu wengi Sinza na Tabata wamefanya hivyo. Fremu hazilaliki, mnunuzi wake ni mfanyabiashara tu, lakini barabara ikiwa hai bei yake ni nzuri.

Kwa zote tatu, hati inabadilisha mchezo. Barua ya mauziano ya mtaani inatosha kupangisha, lakini ukienda benki au ukipata mnunuzi mwenye hela ndefu atauliza hati.

Sasa nani kinamfaa nini

Kama unaishi palepale kwenye kiwanja au una mzazi au ndugu mtulivu anayekaa hapo, na hela inakuja kidogo kidogo, vyumba vinakufaa. Mwenye kustaafu anayetaka kitu cha kila mwezi nae yupo humu, akiwa bado na nguvu ya kusikiliza watu.

Kama uko mkoa mwingine au nje ya nchi, na una mtaji wa kumaliza kwa mkupuo, angalia self. Mpe usimamizi mtu anayelipwa, kwa makubaliano ya maandishi, na kodi iingie kwenye akaunti yako moja kwa moja badala ya kupitia mkononi mwa ndugu. Udugu mwingi umevunjika kwa kodi za nyumba na hakuna haja ya kumjaribu mtu unayempenda. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, ongea na wakili kuhusu umiliki wa ardhi kabla hujatuma hata shilingi.

Kama kiwanja chako tayari kiko barabarani, umeshathibitisha hifadhi ya barabara na una kipato kingine cha kukuvusha miezi ya ukame, fremu zinaingia akilini. Ukiwa unategemea kodi hiyo kulipa ada za watoto Januari, usiweke zote fremu.

Kama kiwanja kina mbele nzuri na nyuma pana, wengi wanachanganya, fremu mbili tatu mbele na self mbili nyuma. Ni mpango mzuri, ila tenganisha geti la wakazi na wateja, tenganisha mita, na usipangishe mbele baa.

Na kama hela yako inatosha kuinua boma tu na huna uhakika ya kupaua itatoka wapi, subiri mwaka mmoja. Tumia huo mwaka kupima kiwanja, kufuatilia hati, na kwenda kuzungumza na wapangaji wa mtaa huo, waulize wanalipa ngapi, wanahama kwasababu gani, na kitu gani wangeongezewa wangekubali kulipa elfu kumi zaidi.